Mwandiko wa Kamusi

Niseme jambo lenyewe kwanza, maana sipendi mtu anayewazungusha wenzake. Mwanamke tuliyemwita Kamusi alimwandikia mdogo wake karatasi ya kumwambia kwamba hatapona, na hakujua kuwa anamwandikia yeye. Mdogo mtu aliuona mwandiko akaujua. Karatasi hiyo niliibeba mimi, kwa mikono hii hii, kutoka chumba cha mafaili mpaka kliniki ya uvimbe, huku napiga mluzi.

Mimi nasukuma machela. Pale hospitalini wananiita Breki, kwa sababu machela yangu haina. Ikiwa haina mtu juu yake natumwa vitu vidogo vidogo: chupa za damu kwenda maabara, shuka kwenda kufuliwa, kikapu cha karatasi kutoka jengo hili kwenda lile. Miaka kumi na saba nimezipita korido zile, na kama kuna kitu nimejifunza ni kwamba hospitali ni mahali ambapo kila mtu anajua kitu na hakuna anayemwambia mgonjwa.

Kamusi alikuwa karani wa mafaili. Chumba chake kilikuwa kirefu na chembamba, rafu za chuma pande zote mbili mpaka darini, na mbele kulikuwa na dirisha la nondo lenye uwazi wa kupitishia kadi. Mgonjwa akitoka kwa daktari alipita pale kurudisha faili, na hapo ndipo alipouliza. Walimwuliza yeye kwa sababu ndiye mtu wa mwisho waliyeonana naye kabla ya geti, na kwa sababu ana sura ya mtu anayeulizika. Daktari kasema nina edema, dada, sasa hiyo edema ndiyo nini?

Mwanzoni hakujua. Shule aliishia kidato cha nne. Akanunua daftari kubwa la jalada gumu, akaanza kuwawinda madaktari. Mmoja alimvizia kwenye foleni ya chai, mwingine akifungua mlango wa gari lake, anamwuliza neno moja tu, na hambanduki mpaka aliseme kwa namna ambayo mama yake mzazi angeielewa. Kila neno lilipewa ukurasa wake. Nimelisoma daftari hilo. Edema: maji yamekaa chini ya ngozi, bonyeza mguu kwa kidole, kishimo kikibaki ndiyo hiyo. Biopsi: wanakata kinyama kidogo wakakitazame kwa darubini, kukatwa hakumaanishi wameshapata ubaya, wanautafuta tu. Katheta: mrija wa kutolea mkojo, aibu yake ni ya siku ya kwanza. Ugonjwa sugu: hauondoki lakini hauna haraka, utaishi nao kama mpangaji msumbufu, kila mwezi unamkumbusha sheria za nyumba. Uvimbe usio mbaya: umekaa ulipo, hauendi kwa jirani.

Kulikuwa na mzee mmoja wa presha aliyekuja kila mwezi kuulizia neno lile lile, na kila mwezi Kamusi alimweleza upya kama vile ndiyo mara ya kwanza. Nikamwambia huyu mzee anakuchezea, anatafuta mtu wa kuongea naye. Akanijibu kwamba hilo nalo ni ugonjwa, na halina ukurasa kwenye daftari.

Sheria yake ilikuwa moja. "Nakueleza neno," alikuwa akiwaambia, "sikuelezi wewe. Wewe anakujua daktari." Aliishika sheria hiyo kwa meno. Hakumtabiria mtu, hakumpa mtu matumaini ya kuokota, na habari ya faili la mtu haikuvuka mlango wake. Nyumbani hakuzungumzia kazi kabisa. Mambo ya kazini aliyaacha kazini, pamoja na kandambili zake.

Sasa, kitu kizuri hakiachwi kilivyo. Siku moja matroni alipita, akasikia, akapenda, akataka iwe utaratibu. Kuanzia hapo madaktari wa kliniki ya uvimbe, iliyo ng'ambo ya uwanja na ina chumba chake chenyewe cha mafaili, wakawa wanaandika maneno ya ugonjwa kwenye vikaratasi, mimi navikusanya kwenye kikapu na kumpelekea Kamusi. Yeye anaandika maelezo kwenye nusu karatasi, kwa Kiswahili cha nyumbani, anaikunja, anaibana kwa pini. Narudisha kikapu, nesi anamkabidhi kila mgonjwa yake. Printa ilikuwepo, ila wino uliisha na aliyetakiwa kuagiza mwingine alihamishwa, kwa hiyo yote aliyaandika kwa mkono. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kuinama kidogo kulia, mikia ya herufi imevutwa mirefu. Ukiuona mara moja huusahau.

Mwanzoni vikaratasi vilikuja na majina. Kisha jirani yake mmoja akapewa nusu karatasi yenye mwandiko huo, akatambua kwamba Kamusi anajua tumboni mwake kuna nini. Akaacha kumwamkia. Wakipishana njiani anageuza uso, na baada ya miezi michache akahama mtaa. Kamusi aliumia mpaka akalia mbele yangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Akaenda kwa matroni kuomba majina yaondolewe, ibaki namba peke yake, asijue anamwandikia nani. Alibembeleza wee mpaka akakubaliwa. Lilikuwa jambo la busara, na mimi mwenyewe nilimpongeza.

Na hili nitalisema hata kama hakuna aliyeniuliza: tangu karatasi zilipoanza, madaktari waliacha kuongea. Zamani daktari angalau alikohoa, akavua miwani, akatamka kitu. Sasa akawa anasema, "Subiri nje, utapewa karatasi yako." Mgonjwa anakaa kwenye benchi anamsubiri Breki na kikapu. Karatasi nzuri ya Kamusi iliwapunguzia wasomi wazima kazi ya kumtazama mtu usoni. Kamusi aliliona hilo likamkera, lakini angefanyaje, awaache watu waende nyumbani na maneno wasiyoweza hata kuyatamka?

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka sita na Kamusi kumi na tisa. Kamusi ndiye aliyemlea, akamshika mkono kumfundisha kuandika jina lake, na baadaye akamnunulia cherehani ya kwanza. Mume wa Kamusi alikuwepo akaondoka, habari yake ni fupi hivyo. Fundi naye aliolewa akafiwa mapema. Wote wawili hawakupata mtoto, kwa hiyo walikuwa wao kwa wao. Fundi aliishi kwenye chumba nyuma ya duka lake la kushonea, mitaa mitatu kutoka kwa dada yake, na kila Jumapili mchana alikula kwa dada. Mdomo alikuwa nao. Akikupima kiuno anautangazia mtaa mzima umeongeza inchi ngapi, na suruali zangu zote za kazi ameshona yeye, kila moja na matusi yake.

Jumanne moja nilimkuta amekaa kwenye benchi la kliniki ya uvimbe. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi, akasema amemsindikiza mteja wake, yuko ndani. Akacheka, akaniambia suruali yangu imechakaa makalioni niilete kabla sijawaaibisha. Lakini mapajani alikuwa na kadi ya kijani ya kliniki, ameishika kwa mikono miwili. Mtu aliyesindikiza hashiki kadi ya mwenzake namna ile. Niliiona nikaamua sijaiona, maana ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza kazini: ulichokiona kwenye benchi kiache kwenye benchi. Hili la benchi sijamwambia Kamusi mpaka leo.

Fundi alikuwa amepanga kumwambia dada yake majibu yakishatoka. Hakutaka kumtia hofu kwa kitu ambacho labda si kitu. Alijua dada akisikia tu neno uvimbe hatalala, atatembea chumbani mpaka kukuche. Hayo nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwake mwenyewe.

Majibu yalitoka Alhamisi ya wiki ile ile. Kwenye kikapu kulikuwa na vikaratasi tisa, na kwenye kimoja daktari alikuwa ameandika namba 4417, kansa ya kongosho, metastasisi kwenye ini na mapafu, tiba shufaa. Kamusi alikiweka mwisho. Alimaliza vile vinane, akavua miwani akaifuta kwa pindo la kanga, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaniita nisikilize. Zile nzito alizoea kunisomea, kwani Breki akielewa, alikuwa anasema, hakuna atakayeshindwa.

Naikumbuka yote. "Una kansa iliyoanzia kwenye kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Metastasisi maana yake imeshatoka ilipoanzia, imefika kwenye ini na mapafu. Ikifika huko, madaktari hawana dawa ya kuiondoa. Tiba shufaa ni tiba ya kukutuliza: maumivu yapungue, upate usingizi, ule unachoweza. Siyo tiba ya kuponya. Hukukosea kitu hata ukaipata. Usiyabebe haya peke yako. Tafuta mtu unayemwamini, umweleze."

Nilimwambia mwisho wake ni mzuri. Akanieleza kwamba kwanza alikuwa ameandika "ndugu yako", akafuta akaweka "mtu unayemwamini", kwa sababu siyo kila mgonjwa ana ndugu wa kumfaa. Akachukua nusu karatasi nyingine, akanakili yote upya ili mtu wa watu asipewe kitu kilichokatwakatwa. Akaibana pini. Nikaweka kikapu kwapani nikavuka uwanja, hatua sitini, nimezihesabu tangu hapo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Sikungoja kuona nani anapokea nini. Kulikuwa na mtu wa kupelekwa upasuaji.

Fundi aliutambua mwandiko kabla hajasoma neno lolote. Akasoma. Na hivi ndivyo alivyoelewa: dada anajua. Habari ya yule jirani aliyehama aliisikia mtaani, kwa hiyo alijua Kamusi huona jina la anayemwandikia. Kwamba majina yaliondolewa hakuambiwa na mtu, maana dada mwenyewe kazi haleti nyumbani. Basi dada amejua, na hakuvuka uwanja kuja kukaa naye kwenye benchi. Amemwandikia kama anavyowaandikia watu wa njiani. Tena anamwambia atafute mtu anayemwamini amweleze, yaani huyo mtu asiwe yeye.

Alirudi dukani akashona sare tatu za shule zilizokuwa na ahadi. Sijui mtu anashonaje baada ya hapo, lakini alishona.

Jumapili alikwenda kwa dada kama kawaida. Alikwenda, aliniambia, kumpa nafasi. Alijipa moyo kwamba labda dada alishindwa kumkabili kazini mbele za watu, nyumbani atasema. Wakala. Yeye chakula hakikupita, akawa anakizungusha kwenye sahani. Kamusi akamgombeza kwamba anajikondesha, mwanamke mzima kuanza mambo ya wasichana. Wakaosha vyombo pamoja, mmoja anasugua mwingine anasuuza, na fundi anasubiri. Mwishoni Kamusi aliweka sufuria chini akamtazama.

"Una nini wewe? Unaumwa?"

"Si unajua wewe, dada," mdogo akajibu.

Wiki iliyotangulia walikuwa wamezozana kuhusu kazi, Kamusi akimwambia apunguze oda apumzike. Akadhani mwenzake bado ana kinyongo na hayo. Akasema haya, ukikasirika mpaka ukichoka utaniambia, akaendelea kukausha sufuria. Fundi alichukua mkoba wake akaondoka.

Jumapili iliyofuata hakuja, na ya baada yake hakuja. Kamusi alituma mtu, jibu likarudi kwamba kazi ni nyingi. Naye akanuna. Walikuwa wamenyonya ziwa moja, wale, na ukaidi wao ulikuwa mmoja. Siku moja akanilalamikia dirishani kwamba mtoto aliyemlea mwenyewe leo anamringia, na kwamba hatamfuata, akimtaka anajua nyumba ilipo. Mimi nikiwa nimesimama pale na kile kikadi cha kijani kichwani mwangu, nikasema huu ni msimu wa sare, dada, mafundi wote wamebanwa. Nilijiona mtunza siri. Nilikuwa mwoga tu, na namwambia yeyote atakayesoma hapa.

Zilipita wiki saba. Asubuhi moja nikaitwa getini, kuna mgonjwa kwenye teksi hawezi kutembea. Nilipofungua mlango alikuwa fundi. Nilimbeba mwenyewe kumweka kwenye machela, na nilikuwa nimejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Macho yalikuwa ya manjano. Mkoba wake aliung'ang'ania kifuani.

"Breki," akasema, "usipite dirishani kwake."

Wodi ya wanawake ina njia mbili. Fupi inapita mbele ya chumba cha mafaili, ndefu inazunguka nyuma ya jiko na chumba cha kufulia. Nikashika ndefu. Huko nyuma hakuna watu, ni mvuke na harufu ya sabuni, na huko ndiko aliponieleza yote haya kwa vipande vipande, akipumzika katikati. Karatasi. Mwandiko. Jumapili. Nilisimamisha machela kwa kuizuia na goti, maana breki ndiyo hivyo tena, nikamwinamia nikamwambia dada yako hakujua. Namba tu, nikamwambia, mwaka wa tatu huu tunaletewa namba tupu.

Alinitazama kwa huruma. Hakuna kitu kimewahi kunikata maini kama ile huruma. Akasema, "Wewe nawe una roho nzuri. Twende."

Nilimfikisha wodini nikarudi mbio. Foleni dirishani ilikuwa ya watu kama ishirini. Nikawapita wakinitukana, nikashika nondo, nikamwambia Kamusi kwamba 4417 ni mdogo wake, yuko wodi ya wanawake, njoo. Hakuelewa. Akaniuliza namba gani. Nikairudia. Akavuta kitabu anachoorodhesha namba na tarehe, akashusha kidole kwenye safu polepole, na nikaona kidole kimefika kikasimama. Alibaki akiutazama ule mstari kama mtu anayesoma neno ambalo hajapata ukurasa wake. Halafu akatoka kwa mlango wa nyuma na kandambili za ndani, dirisha wazi, watu ishirini wamesimama.

Tulipofika nesi alikuwa ameshamchoma sindano ya mofini. Kamusi alipiga magoti sakafuni, kiti kikiwepo, akamshika mkono.

"Mdogo wangu, sikujua."

Fundi alifumbua macho. Ilimchukua muda kumwona. "Nilikusubiri ile Jumapili," akasema.

"Sikujua ni wewe. Wananiletea namba. Namba peke yake, hakuna jina. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba majina yatolewe."

"Iliandikwa vizuri, dada. Nilielewa kila neno."

"Nisikilize. Ningejua ningekuja kwa miguu yangu. Ningeacha kazi siku ile ile."

"Usijisumbue. Kuna mambo hayasemeki kwa mdomo, na mimi nisingeweza. Nilishakusamehe zamani."

Hapo ndipo nilipomwona Kamusi anavunjika. Alichokuja kuomba ni kuaminiwa, akapewa msamaha. Msamaha ule ulikuwa wa kosa ambalo hakulifanya, na mdogo wake aliutoa kwa moyo wote, na kadiri alivyoutoa ndivyo ulivyozidi kumfunga. Akanigeukia. "Breki, mwambie." Nikasema yote: kikapu, vikaratasi, matroni, yule jirani, miezi ya kubembeleza. Niliapa kwa mama yangu. Fundi alisikiliza kwa adabu ya mgonjwa aliyechoka na wageni. Nilipomaliza akasema, "Sawa." Akamtazama dada yake. "Sawa, dada. Sawa." Akafumba macho, dawa ikamchukua.

Kamusi hakuondoka tena pale. Alimlowesha midomo kwa pamba, akamgeuza, akampaka mafuta miguuni, na kila alipoona macho yamefumbuka kidogo alianza upya kueleza habari ya namba. Mara moja fundi aliomba maji akamwita mama. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho. Alifariki siku ya tatu asubuhi, kitoroli cha chai kikiwa kinapita na vikombe vinagongana.

Kwenye mkoba tulikuta daftari lake la vipimo vya wateja, na ndani yake ile nusu karatasi. Ilikuwa imelainika kwenye mikunjo kama kitambaa, kwa kufunguliwa na kufungwa. Hakuandika kitu juu yake. Ila chini ya maneno "mtu unayemwamini" alikuwa amepiga mstari kwa chaki ya kukatia nguo, mstari wa buluu, umenyooka, wa mtu anayejua kazi yake. Kamusi aliiweka ndani ya daftari lake la maneno na kulifunga. Sijamwona akilifungua tena.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Matroni alisema suala la namba litapelekwa kwenye kamati, na liko kwenye kamati. Madaktari wa uvimbe walikuja mmoja mmoja kumpa pole, wanavua miwani, wanakohoa, wakarudi ng'ambo kuwaambia watu wasubiri karatasi. Nilitaka kuwaambia neno, nikasukuma machela yangu. Mimi ni nani, mimi ni Breki.

Kila asubuhi nikipeleka kikapu aliniuliza swali lile lile. Sauti ya chini, bila kuinua kichwa.

"Ile sawa yake. Wewe ulikuwepo. Aliniamini?"

"Alikuamini, dada," nikawa namjibu, na yeye anaitikia kwa kichwa tunaendelea na kazi. Ilikuwa hivyo karibu mwezi mzima. Kisha siku moja aliweka kalamu chini.

"Breki, miaka ishirini na mbili kazi yangu ni kupunguza makali ya maneno. Nayajua yakipunguzwa. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nilifikiria benchi. Nilifikiria kadi ya kijani, na jinsi ambavyo ningevuka uwanja ile Jumanne nikamwambia tu, dada, nimemwona mdogo wako kule, nenda. Maneno sita, na hayahitaji daftari. Yalikuja mpaka kwenye ulimi yakarudi.

"Sijui," nikasema. "Sijui kama alikuamini."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuniuliza tena tangu siku hiyo, na ningetoa kitu kikubwa aniulize, maana akiniuliza nilikuwa angalau na la kusema.

Bado anaandika. Angeacha, wagonjwa wangeondoka na maneno yale yale makavu ya daktari, na hilo haliwezi. Lakini ule mwandiko wa kuinama ameuacha. Anaandika kwa herufi kubwa, moja moja, zimesimama wima na kuachana, kama bango la kukataza kukojoa ukutani. Karatasi moja inamchukua nusu saa, na wagonjwa wanalalamika kwamba za zamani zilisomeka vizuri zaidi. Nilimwuliza kwa nini anajitesa hivyo.

"Ili anayesoma asidhani anamjua aliyemwandikia," akasema.

Akanisogezea kikapu. Kulikuwa na karatasi sita ndani, na ng'ambo ya uwanja benchi lilikuwa limejaa.